Mgongo Hauna Kidonda: Tujifunze Kudai Fidia na Kukata Rufaa

Leo tunajifunza juu ya shingo na mgongo. Tutasoma jinsi vinavyoumia kazini, na jinsi mfanyakazi anavyoweza kudai fidia. Tutasoma pia jinsi ya kukata rufaa kama madai yamekataliwa au kama malipo ni madogo mno.

Mtu akikatwa kidole na mashine, kila mtu anaona. Bosi anaona, daktari anaona, hata mtoto anaona. Lakini mtu akiumia mgongo, nani anaona? Kwa macho anaonekana mzima. Ana mikono miwili na miguu miwili. Watu watasema, "Huyu mvivu, anajisingizia." Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mgongo hauna kidonda cha kuonyesha, kwa hiyo karatasi ndiyo inayoonyesha. Ndiyo maana tumeliweka somo hili katika ukurasa wa watu waliohitimu kisomo. Anayejua kuandika tarehe, jina na jambo lililotokea ana silaha mkononi.

1. Uti wa mgongo ni kitu gani?

Uti wa mgongo ni mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kila mfupa huitwa pingili. Shingoni kuna pingili 7. Nyuma ya kifua kuna 12. Kiunoni kuna 5. Chini yake kuna pingili nyingine zilizoungana mpaka kwenye kifandugu.

Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kinachoitwa diski. Kazi yake ni kama ya kata anayoweka mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Inapunguza uzito. Ndani ya pingili umepita uti mkubwa wa mishipa ya fahamu unaotoka kwenye ubongo. Mishipa hiyo ndiyo inayoiambia mikono ishike na miguu itembee.

Diski ikichomoza inaweza kubana mshipa wa fahamu. Hapo mtu husikia maumivu yanayoshuka mkononi au mguuni. Pengine husikia ganzi, au kitu kinamponyoka mkononi.

2. Kuumia ghafla na kuumia polepole

Shingo na mgongo huumia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ajali. Gunia linamwangukia mpakiaji. Mtu anaanguka kutoka juu ya lori. Gogo la mtiki linateleza. Hapo siku inajulikana na saa inajulikana.

Njia ya pili ni ya polepole. Mtu anakata miwa msimu hata msimu, ameinama tangu alfajiri. Kuli anabeba magunia ya mpunga kwenye mashine ya kukoboa mwaka baada ya mwaka. Maumivu yanaanza kidogo, yanakuja na kuondoka, halafu siku moja hayaondoki. Njia hii ndiyo ngumu zaidi kuthibitisha, kwa sababu hakuna siku moja ya kuonyesha.

Sheria ya fidia ya Tanzania inatambua ajali za kazini, na inatambua pia magonjwa yanayotokana na kazi. Kwa hiyo anayeumia polepole asikate tamaa. Ila anahitaji ushahidi zaidi.

Hapa tutoe onyo. Mwenzenu akianguka vibaya na kulalamika shingo au mgongo, msimvute kwa mikono na miguu. Msimkalishe. Msimpakie kwenye bodaboda! Pingili ikiwa imevunjika, kumvuta kunaweza kukata mishipa ya fahamu, naye akapooza. Mmoja ashike kichwa chake kisichezecheze. Wengine watatu au wanne wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, kama gogo, wamlaze juu ya ubao au mlango. Halafu apelekwe hospitali. Na mtu yeyote mwenye maumivu ya mgongo akianza kupoteza nguvu za miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, asingoje kesho. Huyo ni mgonjwa wa haraka.

Tujue pia kwamba si kila mgongo unaouma umeumizwa na kazi. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili. Mgonjwa huyo hukonda, hupata homa na jasho la usiku. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure hapa nchini. Basi kumwona daktari ni lazima, kwa ajili ya afya kwanza, na kwa ajili ya madai baadaye.

3. Mzigo wa zamani na sheria ya sasa

Wazee wetu walibeba mizigo bila sheria ya kuwalinda. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walikamata watu kuwa wapagazi. Vita ilifika mpaka Mahenge, ng'ambo ya mto wetu wa Kilombero. Wabelgiji waliiteka Mahenge mwaka 1917. Wapagazi walibeba risasi na chakula cha majeshi kwa vichwa na mabega, na maelfu kwa maelfu walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichokuwa na kambi pale. Aliyerudi nyumbani shingo imepinda, alimdai nani?

Leo kuna mahali pa kudai. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20. Sheria hiyo ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao kwa kifupi huitwa WCF. Waajiri walianza kuuchangia mwezi Julai 2015. Mfuko huu ni wa Tanzania Bara, kwa wafanyakazi wa serikali na wa watu binafsi.

Hapa pana jambo la kukumbuka. Mwajiri ndiye anayechangia. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Ukiambiwa, "Nimekukata hela ya WCF," hiyo si sheria.

4. Nani anahusika?

Anahusika mtu aliyeajiriwa. Mkata miwa wa Kidatu, mfanyakazi wa shamba la mitiki, mfanyakazi wa reli ya TAZARA, mwalimu, muuguzi, wote wamo. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Kwa hiyo kibarua asikubali kuambiwa, "Wewe huna karatasi, huna haki." Aulize kwanza.

Sasa je, mkulima anayelima shamba lake mwenyewe hapa Michenga? Huyo hana mwajiri, kwa hiyo Mfuko huu haumhusu. Hilo ni pengo kubwa, maana wengi wetu ndio hao. Lakini tukumbuke kwamba mkulima huyohuyo akienda kufanya kibarua kwa mtu au kampuni, siku hiyo ameajiriwa.

Askari wa jeshi, pamoja na wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, mambo yao hufuata taratibu za jeshi. Hilo si somo la leo.

5. Mfuko unalipa nini?

Mafao yapo saba. Nayo ni haya:

(1) matibabu;
(2) malipo ya ulemavu wa muda;
(3) malipo ya ulemavu wa kudumu;
(4) malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza;
(5) utengemao, yaani kumsaidia mtu arudi kwenye shughuli zake;
(6) msaada wa mazishi;
(7) malipo kwa wategemezi wa aliyekufa.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu ambaye hawezi kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Tuseme mshahara ni shilingi 300,000. Gawa kwa 100, unapata 3,000. Zidisha kwa 70. Jibu ni shilingi 210,000 kwa mwezi.

Kama hakupona, daktari atapima ulemavu wa kudumu na kuuandika kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, mtu hulipwa mkupuo mmoja na mambo yamekwisha. Ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni kila mwezi. Mnaona? Kati ya 28 na 35 tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini ni kubwa nyumbani. Ndiyo maana watu hukata rufaa.

6. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: mwambie mwajiri mara moja. Unaweza kusema kwa mdomo, lakini andika pia, ubaki na nakala. Ikipita miezi 12 bila taarifa, haki inaweza kupotea. Usiseme, "Ngoja nione kama utapoa."

Hatua ya pili: nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Mwambie mganga wazi, "Nimeumia kazini, nilikuwa nabeba gunia." Akiandika "maumivu ya mgongo" tu, mwombe kwa heshima aongeze jinsi ulivyoumia. Karatasi ya siku ya kwanza ina nguvu kuliko ya mwezi wa sita. Kama ni ajali ya barabarani, pata PF3 polisi.

Hatua ya tatu: mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko. Sheria inampa siku 7 tangu alipojua. Muulize, "Taarifa imekwenda lini?" Andika jibu lake.

Hatua ya nne: mwajiri akikataa au akikupiga chenga, usirudi nyumbani kulala. Nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa, au kwa chama chako cha wafanyakazi, au upeleke taarifa kwenye Mfuko wenyewe.

Na tuonye tena. Mtu akikuletea "hela ya soda" pamoja na karatasi ya kuweka sahihi, isome kwanza. Isome yote. Zamani tulikuwa tunaweka dole gumba bila kujua tumekubali nini. Siku hizo zimepita.

7. Kwa nini madai ya mgongo hukwama?

Yapo maneno manne ambayo mdai hukutana nayo mara nyingi.

"Huo ni uzee." Ni kweli pingili na diski huchakaa kwa umri. Lakini mzee anaweza kuwa na diski iliyochakaa, na bado gunia likamvunja. Mwombe daktari aeleze hali yako ilikuwaje kabla na ikawaje baada ya ajali.

"Picha haionyeshi kitu." Eksirei huonyesha mifupa vizuri. Diski na mishipa ya fahamu haionyeshi vizuri. Picha safi haina maana kwamba mtu ni mzima. Muulize daktari kama unahitaji kipimo kingine au rufaa ya kwenda hospitali kubwa.

"Uliumia shambani kwako." Hapa wanahitajika mashahidi na tarehe.

"Ulichelewa kusema." Hapa inahitajika ile nakala ya hatua ya kwanza.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Kule Marekani askari wa zamani wanaodai malipo kwa sababu ya shingo na mgongo nao hukataliwa, nao hukata rufaa. Hutakiwa kuonyesha mambo matatu: ugonjwa alio nao sasa, tukio lililompata jeshini, na maneno ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Sisi pia tushike mambo matatu hayohayo: *ninaumwa nini, kilitokea nini, na daktari anasema vinahusianaje.* Mara nyingi lile la tatu ndilo linalosahaulika. Mtu ana cheti cha hospitali na ana mashahidi, lakini hakuna karatasi inayosema kwamba kazi ndiyo iliyoleta ugonjwa.

8. Daftari la mgongo

Mali bila daftari huisha bila habari. Na maumivu bila daftari ni hivyohivyo. Nunua daftari dogo. Andika hivi:

*Jumatatu, 3 Juni 2024, saa 4 asubuhi. Nilikuwa napakia magunia ya mpunga kwenye lori. Gunia liliteleza likanipiga shingoni. Walioona ni wenzangu wawili (andika majina yao). Saa 4 na nusu nilimwambia msimamizi. Saa 6 nilifika kituo cha afya.*

Halafu kila wiki andika usichoweza kufanya. Usiandike tu "naumwa sana." Andika: "Siwezi kujitwika ndoo. Nikikaa kwa muda mfupi tu mguu unakufa ganzi. Usiku naamka mara tatu. Kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu." Daktari anayepima ulemavu anahitaji kujua mambo kama hayo. Siku ya kupimwa usijikaze kiume ukasema, "Hapana, naendelea vizuri." Na usiongeze chumvi. Sema kweli ilivyo.

9. Kukata rufaa

Barua ya uamuzi imekuja. Usiichane kwa hasira! Soma mambo matatu: tarehe ya barua, sababu walizotoa, na muda uliopewa wa kujibu. Muda huo ukipita, milango huanza kufungwa.

Ngazi ni hizi. Kwanza unamwomba Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko aupitie upya uamuzi. Usiporidhika, unakata rufaa kwa Waziri anayeshughulikia mambo ya kazi. Usiporidhika tena, unakwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Panda ngazi moja baada ya nyingine, usiruke.

Katika barua usijibu kwa matusi wala kwa kilio. Jibu sababu kwa sababu. Wao wamesema A, wewe lete karatasi inayojibu A. Huu ni mfano:

*S.L.P. ………, Ifakara.*
*Tarehe ………*

*Mkurugenzi Mkuu,*
*Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.*

*YAH: MAOMBI YA KUPITIA UPYA UAMUZI, DAI NAMBA ………*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yako ya tarehe ………. Sikuridhika na uamuzi kwa sababu hizi:*

*1. Barua inasema maumivu yangu ni ya uzee. Naambatisha maelezo ya daktari ya tarehe ……… yanayosema kwamba kabla ya ajali nilifanya kazi bila shida, na kwamba diski imeumia kwa kupigwa na mzigo.*

*2. Barua inasema hapakuwa na ajali. Naambatisha maelezo ya mashahidi wawili, na nakala ya taarifa niliyompa mwajiri tarehe ……….*

*3. Nimepimwa asilimia ………. Naomba nipimwe tena, kwa sababu mpaka leo siwezi kuinama, kubeba wala kukaa kwa muda mrefu.*

*Naomba uamuzi upitiwe upya.*

*Sahihi ………  Jina ………*
*Nakala: Mwajiri.*

Peleka nakala, karatasi halisi baki nazo. Ukipeleka kwa mkono, omba nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Ukipeleka kwa posta, tunza stakabadhi.

10. Tuzuie kabla ya kudai

Fidia hairudishi mgongo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Sasa pima gunia la kilo 100. Na lumbesa je? Lumbesa hukatazwa kwa sababu humwibia mkulima, lakini humvunja pia kuli anayeibeba.

Mizigo mizito ibebwe na watu wawili, au kwa toroli. Unapoinua, kunja magoti, mgongo uwe wima, mzigo uwe karibu na kifua. Usigeuze kiuno huku umebeba. Mkiona mwajiri hajali, kuna wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, OSHA. Kazi yake ni kukagua mambo hayo.

Ndugu wasomaji, mwenye daftari atasikilizwa kabla ya mwenye sauti kubwa. Kama wewe hukuumia, pengine jirani yako ameumia na hajui kuandika. Kaa naye, mwandikie.

Maneno ya kujifunza

*Fidia* – malipo kwa aliyepata hasara au madhara.
*Rufaa* – kuomba ngazi ya juu iangalie tena uamuzi. Hospitalini pia ni kupelekwa hospitali kubwa zaidi.
*Mkupuo* – malipo yote kwa mara moja.
*Nakala* – karatasi inayofanana na ile halisi.
*Utengemao* – msaada wa kumrudisha mtu katika hali ya kujitegemea.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini dai la mgongo ni gumu kuliko dai la kidole kilichokatika?
2. Mshahara wa mtu ni shilingi 240,000. Asilimia 70 yake ni shilingi ngapi?
3. Mwajiri ana siku ngapi za kutoa taarifa kwa Mfuko?
4. Taja mambo matatu ambayo mdai anatakiwa kuyaonyesha.
5. Katika kijiji chetu, kazi zipi zinaumiza shingo na mgongo? Tufanye nini?

Zoezi la kuandika

Fikiri umeumia leo kazini. Andika mistari mitano katika daftari: siku, saa, kazi uliyokuwa unafanya, walioona, na uliyemwambia. Halafu mpe mwenzako asome. Kama hakuelewa, andika tena.